Kielelezo Mbele ya Mwanafunzi: Kutoka Sanamu za Plasta hadi Studio za Makerere

Kila darasa la uchoraji lina kitu kilichowekwa mbele ya wanafunzi. Kinaweza kuwa sanamu ya plasta, kadi yenye mistari, picha ya kutundika ukutani, slaidi, kikapu, au hata hadithi inayosimuliwa wanafunzi wakiwa wamefumba macho. Hicho ndicho kielelezo. Vifaa vyenyewe vimebadilika kizazi hadi kizazi, ila swali lililowagawa walimu kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini ni lilelile: mwanafunzi afanye nini na kile anachooneshwa? Akinakili kama kilivyo, akichore kwa kumbukumbu baada ya kuondolewa, au akae nacho na kukihoji? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama darasa litatoa mikono hodari peke yake, au litatoa watu wenye mazoea ya kufikiri ya msanii: kutazama kwa makini, kujenga taswira akilini, kuthubutu, na kuipima kazi yao wenyewe bila huruma.

Picha iliingia katika kitabu cha shule mapema. Mwaka 1658, huko Nürnberg, Johann Amos Comenius, mwalimu na askofu kutoka Moravia, alichapisha Orbis Sensualium Pictus. Kila sura ilikuwa na picha yake, na kila kitu kilichochorwa kilipewa namba iliyolingana na neno la Kilatini na la Kijerumani chini yake. Mtoto alijifunza lugha kwa kuona kitu na jina lake kwa pamoja. Hata hivyo, Comenius hakukusudia kufundisha sanaa. Picha kwake ilikuwa njia ya kufikia maneno. Aliyeugeuza uchoraji wenyewe kuwa somo la kufunza macho ni Johann Heinrich Pestalozzi wa Uswisi. Mwaka 1803 yeye na msaidizi wake Christoph Buss walitoa mwongozo wa kuona uliojengwa juu ya mstari ulionyooka, pembe, mraba na tao. Waliamini kwamba maumbo yote ya dunia yanaweza kuvunjwa hadi kwenye mistari michache, na kwamba mtoto aliyezoea kuivunja hivyo ataona anachokitazama, wala si kukipitia kwa jicho tu.

Wazo hilo lilipofika kwenye mifumo ya serikali liligeuka kuwa kitu kigumu zaidi. Uingereza ilifungua shule ya usanifu jijini London mwaka 1837 kwa sababu za kibiashara. Vitambaa na mapambo ya Ufaransa yalisifiwa kwa uzuri wa michoro yake, na wenye viwanda wa Uingereza waliogopa kupoteza soko. Baada ya Maonyesho Makuu ya viwanda ya mwaka 1851 jijini London, afisa wa serikali Henry Cole na mchoraji Richard Redgrave walisuka mtaala wa taifa uliokuja kujulikana kwa jina la mtaa ulikokuwa na makao yake, South Kensington. Ulikuwa na hatua 23. Mwanafunzi alianza na mistari, akaendelea na mapambo yaliyochapwa kwenye karatasi, kisha akafikishwa kwenye sanamu za plasta: jani, sehemu ya nguzo, mguu, uso, hatimaye mwili mzima wa sanamu ya Kigiriki au Kirumi. Kivuli kilijazwa kwa chaki, nukta juu ya nukta, na kazi ya sanamu moja iliweza kuchukua miezi.

Mfumo huo haustahili kubezwa wote. Uliwafunza watoto wa mafundi na wafanyakazi uvumilivu na usahihi ambao hapo awali ulikuwa mali ya wachache. Kasoro yake ilikuwa kwenye malipo. Walimu walilipwa kwa kuangalia matokeo ya mitihani ya wanafunzi wao, na mtihani hupenda kinachopimika. Unadhifu wa kivuli unapimika. Wazo la mwanafunzi ni gumu kupima. Kwa hiyo kielelezo kikawa ndicho jibu, na darasa likawa mahali pa kukikaribia jibu hilo kadiri mkono ulivyoweza. Namna hiyo ya kufundisha ilisafiri. Mwaka 1870 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya kufundisha uchoraji shuleni, na mwaka uliofuata likamwita Walter Smith kutoka Uingereza kuja kuusimamia. Smith alieneza kadi na vitabu vya mazoezi ambavyo hata mwalimu asiyejua kuchora aliweza kuvifuata hatua kwa hatua. Upande wa pili wa dunia, sanamu za plasta za Ulaya zilipangwa katika shule za sanaa za India, zikiwemo za Bombay. Huko Calcutta, mkuu wa shule Ernest Havell aliondoa vielelezo vya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuweka picha za Kihindi za enzi ya Wamughal. Baadhi ya wanafunzi walimpinga, wakiona wananyimwa elimu ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wakiipata. Malalamiko hayo yalikuja kusikika tena barani Afrika.

Wakati kunakili kulipokuwa kumetawala, mwalimu mmoja wa Paris alikuwa ameshaanza kukiondoa kielelezo mbele ya macho. Horace Lecoq de Boisbaudran alichapisha mwaka 1848 mwongozo wa kufunza kumbukumbu ya mchoraji. Wanafunzi wake walitazama kitu, kikaondolewa, ndipo wakaanza kuchora. Waliozoea vitu vidogo walipelekwa Louvre kutazama picha za mabingwa na kurudi kuzichora bila kuziona. Auguste Rodin, aliyekuja kuwa mchongaji mkubwa wa Ufaransa, alipita mikononi mwake. Lecoq alielewa jambo ambalo South Kensington ililikosa: mtu anayejua kwamba kitu kitaondolewa hukitazama tofauti kabisa. Huchagua. Huamua kipi ni uti wa umbo na kipi ni pambo, na uamuzi huo ni kazi ya akili kabla haujawa kazi ya mkono.

Wazo la Lecoq lilipata makao Birmingham, katika shule ya sanaa iliyoongozwa na Robert Catterson-Smith. Yeye alitumia mashine ya kuonyesha slaidi za kioo. Picha iliangazwa ukutani kwa muda mfupi, taa ikazimwa, na wanafunzi wakachora wakiwa wamefumba macho ili kuishika taswira kabla haijapotea. Baada ya hapo walifumbua macho na kuchora tena. Mmoja wa wanafunzi wake, Marion Richardson, alikwenda mwaka 1912 kufundisha katika shule ya sekondari ya wasichana huko Dudley, mji wa makaa ya mawe na chuma, na akaisogeza njia hiyo hatua moja zaidi. Aliiacha slaidi. Badala yake aliwaeleza wasichana kwa maneno mtaa wakati wa jioni, rangi za soko, au mandhari ya baleti ya Kirusi, huku wakiwa wamefumba macho. Kila mmoja alijenga picha yake, na picha hiyo ya ndani ndiyo iliyokuwa kielelezo. Hakuna msichana aliyeweza kunakili, kwa sababu hapakuwa na cha kunakili. Kazi ya mwalimu ikawa kumuuliza mwanafunzi kama karatasi inafanana na alichokiona akilini, na mwanafunzi peke yake ndiye aliyeweza kulijibu swali hilo.

Mwaka 1917 Richardson alikwenda London kutafuta kazi, akaikosa. Akiwa huko alipita Omega Workshops, ambako mhakiki wa sanaa Roger Fry alikuwa akionyesha michoro ya watoto. Alikuwa na kazi za wasichana wake mkononi. Fry alipoziona, aliziweka kwenye maonyesho. Tangu siku hiyo jina la Dudley likaanza kutajwa na watu waliokuwa wakitafuta njia mpya ya kufundisha. Jijini Vienna, Franz Cizek alikuwa akiendesha tangu mwaka 1897 darasa la watoto lililokataa kunakili, na sifa zake zilikuwa zimefika mbali. Nchini Marekani Arthur Wesley Dow alitoa mwaka 1899 kitabu cha utunzi wa picha kilichotumia michoro ya Kijapani, si kwa kuinakili, bali kwa kuwafanya wanafunzi wajaribu mpangilio wa mistari, weusi na weupe, na rangi, kisha wachague ulio bora. Nao wanahistoria wa sanaa waliofundisha Ujerumani, Heinrich Wölfflin akiwa maarufu kuliko wote, walizoeza ukumbi mzima kutazama slaidi mbili kwa pamoja na kulinganisha. Mpaka leo mihadhara mingi ya historia ya sanaa huendeshwa hivyo.

Richardson alifundisha pia walimu jijini London, na kupitia kwake njia ya picha ya akilini ilifika Afrika Mashariki. Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Margaret Trowell, aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea uchoraji katika shule ya Slade. Mwaka 1929 Trowell alikuja Kenya pamoja na mumewe Hugh, daktari katika utumishi wa kikoloni, wakaishi Machakos. Huko alivutiwa na kazi za mikono za Wakamba, na mafunzo yake ya London yakaanza kukutana na vitu ambavyo hayakuwa yamevizingatia: vyondo, vibuyu, viti vya kuchongwa. Mwaka 1935 familia ilihamia Kampala. Mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu sanaa na kazi za mikono za Kiafrika shuleni, na mwaka huohuo akaanza kufundisha kikundi kidogo kwenye baraza ya nyumba yake. Kutokana na baraza hiyo ilikua shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo hubeba jina lake.

Darasa lake lilianza kwa kusimulia. Aliwaeleza wanafunzi tukio, liwe la Biblia au la kijijini: watu wanaorudi kutoka sokoni, mazishi, mvua inayokuja juu ya migomba. Aliwataka waione kwanza kabla ya kugusa brashi. Alizihofia picha zilizokuwa zikizagaa mijini, za kalenda, matangazo na magazeti, akiamini kwamba mwanafunzi akizizoea ataacha kutazama kilichomzunguka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kijana aliyeambiwa shuleni kwamba kila chema kimetoka ng'ambo angeweza kwa urahisi kuchora nyumba ya Kiingereza yenye moshi wa bomba la paa kabla ya kuchora nyumba ya mama yake.

Lakini Trowell hakuliacha darasa bila cha kutazama. Alikuwa pia mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, na katika miaka ya 1940 mikusanyo ya makumbusho hayo iliwekwa Makerere, karibu na wanafunzi. Ngoma, nguo za magome, mikeka, vyungu na vifaa vya uwindaji vikawa vielelezo vya darasa. Mwaka 1953, pamoja na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, na mwaka 1960 kingine kuhusu mapambo ya Kiafrika. Mwanafunzi aliyeshika chungu cha kwao mbele ya mwalimu alijifunza kwamba mfinyanzi ambaye hakupata shule naye alikuwa amefikiri: ametafuta uwiano, ametafuta mahali pa kuanzia pambo na pa kuliachia. Hili lilikuwa tendo kubwa katika miaka ambayo shule nyingi za kikoloni ziliviita vitu hivyo vya kishenzi.

Hata hivyo, uamuzi wa kipi kioneshwe na kipi kifichwe ulibaki mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mzungu katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Hapo ndipo lilipo tatizo la njia ya Trowell. Afrika Magharibi ilikuwa imeshalipitia. Aina Onabolu, mchoraji wa Lagos aliyesoma London na kurudi mwaka 1922, alidai kwamba wanafunzi wa Nigeria wafundishwe kanuni za kuonyesha umbali na maumbo ya mwili kama mwanafunzi mwingine yeyote duniani. Kenneth Murray, Mwingereza aliyeletwa mwaka 1927 kumsaidia, alishika njia iliyo kinyume, akiwaelekeza wanafunzi kwenye ufundi wa asili na kuwaepusha na mbinu za Ulaya. Wote wawili walikuwa na sababu. Ila Onabolu alikuwa akizungumzia haki: anayemchagulia mwenzake cha kuona humchagulia pia cha kufikiri.

Ubora wa shule hupimwa kwa wanafunzi wake, na wa Trowell hawakubaki pale alipowaweka. Gregory Maloba kutoka Kenya aligeukia uchongaji na ufinyanzi wa sanamu. Mnara wa uhuru uliosimama Kampala tangu mwaka 1962 ni kazi yake. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame chini ya Kilimanjaro, alikwenda Slade jijini London katika miaka ya 1950. Alizijua kanuni za Ulaya, kisha akaamua kuendelea kuchora watu wadogo wengi waliotawanyika juu ya mlima, wakilima, wakijenga, wakibeba pombe ya ndizi, bila kufuata kanuni hizo za umbali. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Ntiro alichora Uchaga akiwa mbali nao, kwa kumbukumbu, na ndiyo maana kazi zake ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote wa zoezi la kufumba macho lililotoka Birmingham na kupitia Dudley.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alilipeleka somo hilo kanisani. Kwenye kanisa kuu la Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, alichora mwaka 1959 picha tano za ukutani za maisha ya Kristo, zikiwa na ardhi, nyumba na watu wa Kikuyu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, ukumbi wa sanaa uliojulikana kwa msimamo wake mkali dhidi ya kunakili. Njau alifundisha kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Alichokuwa akikipiga vita, bila shaka, ni mwalimu anayeweka picha ubaoni na kumpa alama nyingi yule aliyeikaribia zaidi, na mwalimu huyo alikuwa angali katika shule nyingi za nchi zote tatu za Afrika Mashariki.

Trowell alistaafu mwaka 1958. Mrithi wake, Cecil Todd, alifungua mlango uliokuwa umefungwa. Historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi na kuchora kwa kutazama vitu na watu vikaingia studioni Makerere. Waliokuwa wamezoea njia ya zamani waliona shule inapoteza roho yake. Wengine waliona hatimaye inatendewa kama chuo kikuu. Miongoni mwa walimu wa kipindi hicho alikuwa Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, aliyefundisha huku akiwachora wanyama wa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1971 alitoa mfululizo wa vitabu ambamo mnyama mmoja huchorwa akitembea, kisha misuli yake, kisha mifupa. Michoro ya Kingdon si mapambo ya maandishi. Ni njia yake ya kuuliza kwa nini shingo imekaa hivyo na mguu umepinda vile, na vielelezo vya namna hiyo humfundisha anayevitazama jinsi ya kuuliza.

Nje ya vyuo, Dar es Salaam ilikuwa na shule nyingine isiyo na mtaala. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta kwenye mbao nyembamba za kukandamizwa. Ndugu na jamaa zake walijifunza kwa kukaa naye, kujaza mandharinyuma, kurudia vitone na manyoya, hadi waweze kutoa picha nzima. Alipofariki mwaka 1972 kazi haikufa. Hapa kunakili kulikuwa ndiyo njia ya kurithi ufundi, kama ilivyo kwa wachongaji na wasusi wa pwani na bara, na wapo waliotoka humo wakiwa na mkono wao wenyewe. Wapo pia waliorudia chui yuleyule maisha yao yote kwa sababu mnunuzi aliye mbele yao alimtaka huyo. Kwa hiyo msimamo wa Paa ya Paa hauwezi kuchukuliwa kuwa sheria ya kila mahali. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama mwanafunzi anapewa nafasi ya kumwacha mwalimu wake siku moja.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta utafiti juu ya yale ambayo walimu walikuwa wakiyafanya kwa hisia. Mwaka 1967 mwanafalsafa Nelson Goodman alianzisha katika Chuo Kikuu cha Harvard mradi wa kuchunguza ujifunzaji wa sanaa, akauita Project Zero, yaani Mradi wa Sifuri, kwa kuwa aliona maarifa thabiti juu ya jambo hilo hayajaanza. Kwingineko Abigail Housen, aliyechunguza jinsi watu wanavyozungumza wanapotazama picha, alishirikiana na Philip Yenawine wa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York kubuni njia ya kuendesha mazungumzo darasani. Picha moja huwekwa mbele ya wanafunzi bila maelezo. Mwalimu huuliza kuna nini kinachoendelea humo, mwanafunzi ameona nini hata akasema hivyo, na nini kingine kinaweza kuonekana. Harudishi jibu sahihi. Swali la pili ndilo lenye nguvu, maana humrudisha mwanafunzi kwenye picha kutafuta ushahidi kila anapodai jambo.

Mwaka 2007 Lois Hetland, Ellen Winner, Shirley Veenema na Kimberly Sheridan walichapisha matokeo ya kukaa kwa muda mrefu katika studio za shule mbili za Massachusetts. Walitaja mazoea manane ambayo walimu wazuri wa sanaa hufundisha, mara nyingi bila kuyataja kwa jina: kukuza ufundi, kushikilia kazi na kutokata tamaa, kujenga taswira akilini, kueleza hisia na maana, kutazama, kutafakari, kuthubutu kuvuka mipaka, na kuielewa jamii ya wasanii. Mazoea hayo yakachapwa kwenye mabango ya ukutani katika shule nyingi, na bango likawa nalo kielelezo. Hatari yake ni ileile ya kadi za Walter Smith, kwani mwalimu anaweza kuyasomesha maneno manane bila mwanafunzi kufanya hata moja. Watafiti wenyewe waliweka mkazo kwenye yanayotokea kati ya watu: mwalimu anayeonyesha jambo kwa muda mfupi mbele ya darasa, wanafunzi wanaofanya kazi huku akipita kwa kila mmoja, na kikao cha kuzijadili kazi zikiwa zimetundikwa. Katika toleo la pili la mwaka 2013 waliongeza maonyesho kama sehemu ya nne ya mafunzo. Richardson na Trowell walikuwa wamelifanya hilo mapema zaidi, kwa kuzipeleka kazi za wanafunzi wao mbele ya macho ya watu: za wasichana wa Dudley mwaka 1917, na za vijana wa Kampala mwaka 1939, zote jijini London.